Ndoo ya Sukuma Wiki Chini ya Kilima cha Salaita



Ukitoka Voi kwa barabara ya Taveta, ukapita Mwatate, Bura na Maktau, ukaiacha Mbuyuni nyuma yako, utakiona kilima kimoja kifupi kimejikalia peke yake katikati ya nyika. Hicho ndicho Salaita. Mwendo mfupi mbele yake ni Taveta, mji wa migomba na mifereji. Maji ya Kilimanjaro yanapita chini kwa chini na kuibukia huko: chemchemi ya Njoro Kubwa haikauki, mto Lumi unateremka kuelekea Ziwa Jipe, na Ziwa Chala limejaa kwenye kreta yake mpakani na Tanzania. Salaita ni jirani wa neema yote hiyo na haionji. Huku maji huja kwa bomba siku bomba likijisikia, kwa boza, kwa mitungi ya lita 20 iliyofungwa kwenye pikipiki, au kwa mvua ikikumbuka.

Basi vijana wa upande huo wameanza kuulizia kilimo cha bila udongo, hiki ambacho wataalamu wanakiita haidroponiki. Wameona picha kwenye simu: mabomba meupe ya plastiki, letasi zimechanua, mtu kavaa viatu visafi yuko shambani. Wananiuliza, je, kitu hiki kinaweza kufanyika Salaita, na kifanyike kwa vifaa vya nyumbani bila kukopa hela za watu?

Nawajibu mapema ili anayetaka kwenda zake aende. Kinaweza. Tena kwa ndoo, bila umeme, bila pampu. Lakini kinaanzia kwenye paa la nyumba yako, kabla hujanunua hata kipande kimoja cha bomba. Anayetaka kujua kwa nini, abaki nami.

Kiu ya Salaita ina historia. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa wameishika Taveta pamoja na kilima hiki, na Waingereza wakawa wanajenga reli kutoka Voi ili wawafuate. Jeshi lile halikuweza kusogea bila maji, na kwenye nyika hii hayakuwepo. Ilibidi yaletwe kwa bomba kutoka milima ya Bura hadi kwenye kambi. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walikishambulia kilima wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Wapenzi wa historia huja hapa kuangalia mahandaki. Mimi kila nikisoma habari za vita vile huishia kwenye lile bomba la Bura, maana zaidi ya miaka 100 imepita na mama wa Salaita bado anauliza swali la jeshi lile: maji yatafika lini?

Na cha ajabu, ni wanajeshi pia waliosaidia kukipa sifa kilimo hiki cha bila udongo. Mwaka 1945, Vita vya Pili vikielekea mwisho, Wamarekani walikuwa na kituo cha ndege kwenye kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari ya Atlantiki. Kisiwa chenyewe ni mawe ya volkano, maji matamu ni ya kubahatisha. Wakajenga vitanda vya changarawe, wakawa wanamwagilia maji yenye virutubisho, na askari wakala nyanya na saladi mbichi. Walipata mboga mahali ambapo hata magugu yanaona tabu kuota.

Elimu yenyewe ni ya zamani kuliko vita hivyo. Katika miaka ya 1860, Wajerumani wawili, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walionyesha kwamba mmea hauli udongo. Mizizi inakunywa maji yenye chumvi chache zilizoyeyuka: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, salfa, na vitu vingine vya kiasi kidogo sana kama chuma na zinki. Ukiuwekea mmea chumvi hizo ndani ya maji, na mizizi ikapata hewa, utaishi. Kisha akaja Mmarekani William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, ambaye alistawisha minyanya kwenye matangi ikapanda mirefu kuliko nyumba, na mwaka 1937 akalitangaza jina hili la haidroponiki. Magazeti yakapagawa. Watu wakaambiwa shamba la udongo limekwisha habari yake.

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wauzaji wa leo wanaporuka ukurasa. Chuo kilekile kiliwapa kazi wanasayansi wengine wawili, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wayapime maajabu ya Gericke. Mwaka 1938 walichapisha majibu yao: ukitunza mmea kwenye udongo mzuri wenye maji na mbolea ya kutosha, utavuna sawasawa na yule wa kwenye maji. Hakuna muujiza wa mavuno. Maana yake kwetu ni nini? Mkulima wa Taveta mwenye mfereji mlangoni hana haja ya ndoo wala bomba. Aendelee kulima chini, migomba yake inamtosha. Faida ya kilimo hiki ni kwa mtu ambaye maji yake yanapimwa kwa mtungi. Jani linatoa jasho lilelile, liwe kwenye ndoo au kwenye tuta, na upepo wa nyika hauna huruma. Ila kwenye tuta maji mengine yanakauka juu ya udongo, mengine yanazama chini mizizi isikoweza kuyafuata. Kwenye ndoo iliyofunikwa, hayo yote yanabaki kwa mmea.

Twende kwenye ndoo yenyewe.

Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Bernard Kratky, aliyetengeneza njia isiyo na pampu hata moja, na kwa Salaita naipenda kuliko zote. Chukua ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, ile ya mafuta ya kupikia. Ndoo ya rangi au ya dawa ya shamba usiiguse. Toboa kifuniko tundu la kukalia kikombe cha plastiki cha mtindi, na kikombe chenyewe ukitoboe matundu chini na ubavuni. Ndani yake tia usumba wa nazi uliooshwa, ambao Mombasa unapatikana bila shida, au kokoto ndogo safi. Pandikiza mche wa sukuma wiki. Jaza maji yenye mbolea hadi yaguse kitako cha kikombe, basi.

Halafu uiache. Mmea utakunywa, na maji yatashuka. Ukifunua kifuniko baada ya wiki kadhaa utaona mizizi ya namna mbili. Ya chini ni mirefu na laini, imezama kwenye maji. Ya juu imening'inia kwenye nafasi iliyoachwa wazi, ni mifupi na ina manyoya meupe, na imelowa unyevunyevu tu. Hii ya juu ndiyo pua ya mmea. Wengi huipoteza mimea yao hapa, kwa wema. Mtu anaona maji yamepungua, anajaza ndoo mpaka juu, ile mizizi ya hewa inazama, na kesho yake sukuma imelegea huku imesimama ndani ya maji. Kwa letasi, ambayo inavunwa mara moja, hakuna haja ya kuongeza, na chombo cha lita 4 hivi kwa kila mche kinatosha. Kwa sukuma wiki, inayochumwa miezi na miezi, ongeza, lakini usipite nusu ya ndoo.

Ndoo isipitishe mwanga. Mwanga ukiingia, maji yanaota utando wa kijani unaokula mbolea yako na kunuka. Ifunge kwa gunia jeusi, kisha juu yake kitambaa cheupe au chokaa, ili jua lisiipike.

Mbolea je? Wengi wanatamani kutumia walicho nacho, na walicho nacho Salaita ni samadi ya mbuzi. Samadi ni nzuri, ila kwenye gunia la udongo. Ukiiloweka kwenye ndoo isiyotikisika, itaoza, itakula hewa iliyomo majini, na mizizi itakufa. Mbolea ya DAP haifai, yurea haifai, na CAN ina chokaa isiyoyeyuka na amonia ya kuunguza. Ulizia kwenye duka la pembejeo vitu vitatu: mbolea ya kuyeyuka kwenye maji yenye potasiamu nyingi na madini madogo, kalsiamu naitreti, na chumvi ya Epsom. Kwa mbolea ya aina ya 4-18-38, kipimo kinachojulikana kwa watu wa ndoo ni gramu 12 za mbolea hiyo, gramu 12 za kalsiamu naitreti na gramu 6 za Epsom, kwa takriban lita 19 za maji. Sema mtungi mmoja. Pakiti ikiwa na namba nyingine, fuata maelekezo yake.

Utaratibu wa kuchanganya una siri moja. Weka maji mtungini kwanza, tia mbolea ya kwanza ikoroge mpaka iyeyuke, kisha Epsom, na mwisho kabisa kalsiamu, ambayo umeiyeyusha peke yake kwenye kikombe kingine. Anayetaka kujua sababu ajaribu jikoni: yeyusha Epsom nzito kwenye glasi moja na kalsiamu naitreti nzito kwenye glasi nyingine. Zote mbili ni maji maangavu. Zimiminie pamoja. Papo hapo zinageuka nyeupe, na ukiziacha zitulie utakuta unga mweupe umelala chini. Hiyo ni jasi. Kalsiamu imeshikana na salfa zikawa jiwe, na mmea hauli jiwe. Kwenye maji mengi hazikutani kwa nguvu hiyo, zinabaki zimeyeyuka. Watoto wa shule watalipenda jaribio hili, na mwalimu wa kemia hapati mfano wa bei nafuu kuliko huo.

Nimesema kilimo hiki kinaanzia kwenye paa. Sababu ni chumvi. Visima vingi vya nyika ya Voi na Taveta vinatoa maji ya chumvichumvi. Wenyeji wanajua hata chai yake. Kwenye udongo chumvi hiyo inaweza kusukumwa chini na mvua. Kwenye ndoo haina pa kwenda. Mmea unakunywa maji na kuiacha chumvi nyuma. Fanya hesabu: kama lita moja ya kisima ina gramu moja ya chumvi, ndoo ya lita 20 inaanza na gramu 20. Mmea ukiendelea kunywa, nawe kidogo kidogo ukaongeza jumla ya lita 10 za kisima kilekile, umefika 30. Ongeza nyingine 10, 40. Majani yanaanza kuungua kwenye kingo, kahawia, yanajikunja. Mtu anadhani ni njaa, anaongeza mbolea, ambayo nayo ni chumvi. Sukuma inakufa kwa kushiba.

Maji ya mvua hayana shida hiyo. Na hesabu yake inatia moyo kuliko watu wanavyodhani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya mabati yenye mita za mraba 30, ikipata milimita 500 kwa mwaka, na nyika hii hufika hapo mwaka ambao si wa ukame, inapokea lita 15,000. Toa zinazoruka kwa upepo na zinazofurika kwenye gata, utabaki na 12,000 hivi. Hiyo ni mitungi 600. Haitoshi kunywa, kuoga, kufua na kunywesha mifugo, hilo halina ubishi. Lakini ndoo 10 za mboga kando ya jiko haziwezi kuimaliza. Tatizo la nyumba nyingi huku ni kwamba bati lipo, gata halipo, na mvua ya vuli inapiga ukuta na kuchimba msingi.

Maji magumu yana ugomvi mwingine, wa chokaa. Majani machanga yanageuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Chuma kimo majini lakini mmea haukishiki. Ukikamulia ndimu kidogo itasaidia siku chache, kisha maji yanarudi yalivyokuwa. Ukiyachanganya nusu kwa nusu na ya mvua, unapumua.

Joto nalo halisemwi kwenye zile picha za simu, kwa sababu nyingi zimepigwa kwenye nchi za baridi. Maji ya nyuzi 20 yanabeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika 30, yanabaki na saba na nusu, wakati mizizi yenye joto inataka hewa zaidi. Na kwa joto hilohilo letasi ya Salaita inakuwa chungu na kukimbilia kutoa maua kabla hujaitengenezea kachumbari. Mimi nasema letasi waachiwe watu wa Wundanyi, kule juu milimani, na ukungu wao. Huku chini panda mchicha, sukuma, mnavu na dania, weka ndoo upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi, na uifukie hadi shingoni, kwa kuwa udongo wa chini unabaki na ubaridi hata saa nane mchana.

Kuna jambo la afya ambalo nalisema kwa msisitizo. Ndoo ya maji yaliyotulia ni nyumba ya mbu. Taveta inajulikana duniani kwa watafiti wa malaria: kati ya 1955 na 1959 nyumba za Taveta na za Pare upande wa Tanzania zilipuliziwa dawa ya dieldrin katika mradi mkubwa wa kuona kama ugonjwa utakwisha. Mbu walipungua, malaria ikashuka, na upuliziaji ulipokoma ugonjwa ukarudi taratibu. Sehemu yenye kumbukumbu hiyo haistahili kuongezewa mazalia kwa jina la maendeleo. Kila tundu lizibwe kwa kitambaa cha neti, na kifuniko kibane. Mama akiona viluwiluwi, ndoo imwagwe kwenye mwarobaini, ianzwe upya.

Halafu kuna tembo. Zaidi ya nusu ya kaunti hii ni mbuga za Tsavo, na tembo ananusa maji kabla hajayaona. Wanaoishi kando ya hifadhi wanajua mabomba yaliyong'olewa na matangi yaliyopasuliwa. Hii ni sababu moja ya kukataa wazo la kujenga banda la haidroponiki mbali na nyumba, lenye tangi kubwa. Ndoo zikae uani, karibu na moto na mbwa na kelele za watoto.

Kabla sijaondoka hewani, niseme kidogo kuhusu majani ya mifugo, maana wafugaji wa ranchi wameahidiwa mengi. Unaotesha shayiri kwenye trei bila udongo, siku saba hivi una zulia la kijani. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limeifanya kazi hiyo kwenye kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi kule Tindouf, Algeria, na mbuzi waliokuwa wakila takataka wakapata majani mabichi. Kwa jangwa lile nawapa heko. Lakini muuzaji anapokuambia kilo moja ya shayiri inageuka kilo sita au saba, muulize ngapi kati ya hizo ni maji. Ukikausha zulia hilo, uzito wake unakuwa mdogo kuliko wa mbegu ulizoweka, kwa sababu mbegu inajila yenyewe inapoota. Kijani chake kina faida kwa mbuzi anayenyonyesha wakati wa ukame. Kama lishe ya ng'ombe 50, ni kununua maji kwa bei ya shayiri. Na likiota ukungu, litupe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayekuja Salaita kuuza banda lenye mabomba, pampu na sola, akiahidi utajiri, aulizwe kwanza kama amepima maji ya kisima chako. Kama hakupima, mpe chai ya kisima hicho na umuage. Mahindi, maharagwe na ndizi hazitatoka kwenye ndoo. Kitakachotoka ni mboga ya jioni kwa familia, mwezi ambao sokoni fungu la sukuma limepanda bei.

Na ombi langu ni kwa ofisi ya kilimo ya kaunti. Kipo kifaa kidogo cha kupima chumvi kwenye maji, kinaingia mfukoni, kinatumia betri za saa, na majibu yake yanatoka kwa sekunde. Kila afisa wa kilimo wa wadi apewe kimoja, na kuwe na siku moja ya wiki inayojulikana, ambapo mtu wa Salaita, wa Mbuyuni au wa Maktau anaweza kuja na chupa ya maji yake akapimiwa bure. Wewe msikilizaji, wakati tunasubiri hicho kipimo, mvua za vuli huanza kati ya Oktoba na Novemba. Funga gata.